Uzito Unaoachwa Chini

Asubuhi ya Januari 23, 1960, Jacques Piccard wa Uswisi na Don Walsh, luteni wa jeshi la majini la Marekani, walijifungia ndani ya tufe la chuma katika bahari ya Pasifiki, upande wa Guam, wakaanza safari ya kwenda mahali penye kina kuliko pote duniani. Hawajafika mbali, chombo kikagoma. Hakikuwa kimeharibika. Kilisimama tu, karibu mita 100 chini ya mawimbi, kikakataa kuzama zaidi. Walikuwa wamefika kwenye tabaka ambapo maji ya uvuguvugu ya juu yanakutana na maji baridi, na maji baridi ni mazito zaidi. Chombo chao, Trieste, kilikuwa kizito kuliko maji ya juu lakini si kuliko haya. Piccard alikuwa na njia mbili: kungoja petroli iliyojaa kwenye matangi yake ipoe na kusinyaa, au kuimwaga kidogo baharini. Akaimwaga, safari ikaendelea.

Kisa hicho kinafaa kutangulia kwa sababu kinaondoa dhana ambayo wengi wetu tunayo, kwamba chombo cha kina kirefu kinajisukuma kwenda chini kama ndege inavyojisukuma kwenda juu. Hakifanyi hivyo. Kinashuka bila kuwasha chochote na kinapanda bila kuwasha chochote. Mota zake ndogo za umeme ni za kujisogeza kando, kuzunguka mwamba, kutulia mbele ya kitu kinachopigwa picha. Safari yenyewe ya wima, saa mbili au tatu kwenda na kama hizo kurudi, inaendeshwa na tofauti ya kilo mia chache kati ya uzito wa chombo na uzito wa maji yaliyokipisha. Kudhibiti tofauti hiyo ndiyo kazi yote. Na wabunifu walioielewa vizuri wameipanga hivi: kupanda ndiyo hali ya kawaida ya chombo, na kukaa chini ndiko kunakohitaji kazi. Ukiacha kukizuia, kinakuja juu chenyewe.

Nyambizi za kivita zina njia nyingine. Hujaza maji kwenye matangi ya pembeni ili zizame, na zikitaka kuibuka hupuliza hewa kutoka kwenye mitungi ili kuyafukuza maji hayo. Kwenye mita mia mbili au tatu njia hiyo ni nzuri. Shida ni kwamba kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo wa takriban atmosfia moja, na mtungi wa kawaida hujazwa hewa ya atmosfia 200 hadi 300. Fungua vali yake kwenye kina cha mita 4,000, palipo na atmosfia 400, uone: hewa haitatoka, maji ndiyo yatakayoingia. Na hata ungepata mtungi wa ajabu unaohimili zaidi, hewa iliyobanwa kwa atmosfia 1,000 ina uzito unaozidi nusu ya uzito wa maji yenyewe. Ungebeba hewa nzito ili ikusaidie kuwa mwepesi.

Hata kwenye vina vidogo kuliko hivyo hewa ina visa vyake. Aprili 10, 1963, nyambizi ya Marekani iitwayo Thresher ilizama katika Atlantiki na watu 129. Miongoni mwa mambo ambayo uchunguzi uliyaelekezea kidole ni mfumo wa kupuliza matangi. Hewa inayotoka kwa kasi kwenye mtungi hupoa sana. Unyevu uliomo huganda, na majaribio yaliyofanywa baadaye kwenye nyambizi ya aina hiyo hiyo yalionyesha barafu ikiziba vichujio vya mabomba. Trieste, chombo ambacho hakikutegemea hewa kupanda, ndicho kilichotumwa kwenda kuyatafuta mabaki.

Kabla ya Trieste jibu lilikuwa kamba. William Beebe na Otis Barton walishushwa kutoka melini karibu na Bermuda wakiwa ndani ya tufe la chuma, na Agosti 1934 walifika mita 923. Walifanya kazi kubwa, lakini njia yao ilikuwa na kikomo kilicho wazi. Kadiri unavyoongeza kina ndivyo kamba ya chuma inavyozidi kuwa mzigo yenyewe, na meli ikipandishwa na wimbi kule juu, tufe linavutwa nalo. Mbaya zaidi, lile tufe lilikuwa zito kuliko maji. Kamba ikikatika, habari imeishia hapo.

Aliyeikata kamba kwa makusudi alikuwa Auguste Piccard, baba yake Jacques, na hakuwa mtu wa bahari. Alikuwa mwanafizikia wa maputo. Mwaka 1931 alipanda na mwenzake hadi mita 15,781 angani, ndani ya tufe la alumini lililofungwa kabisa na kuning'inizwa chini ya puto. Kisha akayapeleka mawazo yale yale majini. Puto la angani lina gesi nyepesi kuliko hewa. Puto la baharini litakuwa na kimiminika chepesi kuliko maji. Akachagua petroli, ambayo lita yake moja ina uzito wa gramu 700 hivi, wakati lita ya maji ya bahari ni gramu 1,025. Kila lita ya petroli, basi, hukuinua kwa takriban gramu 300. Ukitaka kuning'iniza tufe la chuma ambalo majini lina uzito wa tani 8, kama lile la Trieste, pamoja na kila kinacholishikilia, utahitaji petroli nyingi mno. Trieste ilibeba zaidi ya lita 80,000. Watu wawili walikaa ndani ya tufe lenye upana wa mita mbili na ushei kwa nje, na juu yao palikuwa na meli nzima ya mafuta.

Uzuri wa petroli ni kwamba hubanika kidogo tu, tofauti kabisa na hewa. Kwa hiyo tangi lake halikuhitaji kuwa na nguvu. Lilitengenezwa kwa bati jembamba na kuachwa wazi upande wa chini, maji yakaingia na kutoka yatakavyo, mgandamizo wa nje na wa ndani ukawa sawa wakati wote. Lile tufe peke yake ndilo lililopigana na bahari, kwa ukuta wa chuma wa sentimita 12.7. Kwenye sakafu ya shimo la Challenger, pale mahali penye kina kuliko pote, kila sentimita moja ya mraba ya ukuta huo ilikuwa inabeba zaidi ya tani moja.

Mbinu iliyonivutia kuliko zote, hata hivyo, ni ya farumi, ule uzito wa kutupwa. Trieste ilibeba tani kadhaa za punje ndogo za chuma ndani ya mapipa mawili makubwa yaliyosimama wima, mbele na nyuma ya tufe. Kila pipa lilikuwa na mdomo mwembamba kwa chini, na mdomo huo haukuwa na mlango, wala komeo, wala kitu chochote cha kufungua na kufunga. Ulizungushiwa waya wa umeme tu. Mkondo ukipita kwenye waya, mdomo unakuwa sumaku, punje zinashikana na kuganda pale pale. Ukizima swichi zinaanza kumwagika kama mtama kwenye gunia lililotoboka. Ukiwasha tena, zinasimama. Rubani angeweza kumwaga kilo chache au mamia ya kilo, apendavyo. Na sasa fikiria betri imekufa, au waya umekatika, au rubani amezimia. Umeme unapotea, sumaku inakufa, chuma chote kinamwagika, chombo kinapanda. Hitilafu ndiyo inayowarudisha watu nyumbani.

Ningeweza kusema kwamba karibu kila kitu kilichobuniwa baadaye ni maelezo ya ziada juu ya mdomo ule wa pipa, lakini ingekuwa kuipunja petroli, ambayo ilikuwa na tabia mbaya na ilibidi ipatiwe mbadala. Petroli hubanika kidogo, ndiyo, ila hubanika kuliko maji. Tena hupoa inaposhuka. Kwa hiyo kadiri Trieste ilivyokwenda chini ndivyo petroli ilivyosinyaa, maji yakachukua nafasi yake kwenye tangi, na chombo kikawa kizito zaidi. Chombo cha namna hiyo kikishaanza kuzama hakina sababu ya kusimama. Kinaongeza kasi, na rubani analazimika kumwaga punje njiani ili kukipunguza. Wakati wa kupanda mambo yanageuka: petroli inatanuka, inayasukuma maji nje, na chombo kinaharakisha kwenda juu. Siku ile ya 1960 Piccard na Walsh walitumia karibu saa 5 kushuka, wakakaa chini dakika 20 hivi, kisha wakapanda kwa saa 3 na robo.

Kizazi kilichofuata kiliachana na tangi la mafuta. Mwaka 1964 taasisi ya Woods Hole ya Marekani ilipokea Alvin, chombo kidogo cha watu watatu ambacho hadi leo kinafanya kazi, ingawa kimebadilishwa viungo mara nyingi kiasi kwamba jina ndilo lililobaki. Badala ya petroli kina povu gumu: vijitufe vya kioo vyenye uwazi ndani, vidogo kama vumbi, vilivyochanganywa na gundi ya epoksi na kugandishwa kuwa matofali. Kila kijitufe kimefungia hewa kidogo ndani ya kioo, na kioo kinastahimili kubanwa. Povu hilo halivuji, haliwaki moto, na hubanika kwa kiasi kinachokaribiana na maji yenyewe, kwa hiyo chombo hakibadiliki tabia sana njiani. Gharama yake ni kwamba povu la kina kirefu lazima liwe na vioo vinene, na vioo vinene ni vizito. Povu linalotosha mita 2,000 linakuinua vizuri kuliko linalotosha mita 11,000. Ndiyo maana vyombo vya kufika chini kabisa huwa povu tupu lililoachiwa kishimo cha kukaa watu.

Samaki wamelipitia swali hili kabla yetu, nao wamegawanyika. Wengi wa juu wana kibofu cha hewa. Wa vilindini wengi hawana; papa hutegemea ini kubwa lenye mafuta. Silikanti, yule samaki ambaye wavuvi wa Tanga walianza kumnasa mara kwa mara miaka ya 2000 mpaka mwaka 2009 pakatengwa hifadhi yake, ana kiungo kilichojaa mafuta mahali ambapo mababu zake walikuwa na pafu. Ni mbinu ya Auguste Piccard, au tuseme Piccard alifikia mbinu ya silikanti bila kumjua. Wa kwanza kumwona samaki huyo akiogelea kwao ni kundi la Mjerumani Hans Fricke, mwaka 1987 kwenye miteremko ya Ngazidja huko Komoro, wakiwa ndani ya chombo kidogo. Kwenye vina kama hivyo, vya mita mia mbili tatu, chombo bado kinaweza kutumia matangi ya hewa bila aibu. Baada ya hapo mafuta na povu ndivyo vinavyotawala.

Siku ya kushuka huanza kwenye mizani. Chombo cha aina ya Alvin kina uzito wa tani 20 hivi, kwa hiyo kinapisha lita 20,000 za maji kwa makadirio. Maji yakiwa mazito kwa asilimia moja tu kuliko ulivyodhani, umekosea kwa kilo 200, na kilo 200 zinatosha kukuacha unaelea juu huku umejiandaa kwa safari. Kwa hiyo wanaopanga mzigo hupima kila kitu: rubani na abiria, kamera, mikono ya chuma, vikapu vya kuwekea sampuli, hata mawe ambayo wanatarajia kuyaokota. Hupima joto na chumvi ya maji ya mahali hapo. Maji ya Bahari ya Shamu, yenye chumvi nyingi, yanadai hesabu nyingine kabisa. Kisha huamua idadi ya vipande vya chuma vitakavyofungwa ubavuni.

Vipande hivyo vina zamu zake. Vyote vikiwepo, chombo ni kizito na kinashuka, Alvin kwa takriban mita 30 kwa dakika. Kikikaribia sakafu, rubani anaachia sehemu ya vipande, na chombo kinakuwa sawa na maji, hakizami wala hakielei. Hapo ndipo kazi ya kisayansi inapofanyika, na kama kimebaki na uzito kidogo au wepesi kidogo kuna pampu ndogo ya kuingiza au kutoa maji ya bahari kwenye tangi imara la ndani. Saa ya kurudi ikifika, vipande vilivyobaki vinaachiwa, chombo kinakuwa chepesi, kinapanda. Mtu anayeshuka mita 4,000 kwa mwendo huo anatumia zaidi ya saa mbili kwenda na zaidi ya saa mbili kurudi, akibakiwa na saa chache za kufanya kilichompeleka. Kwa nini asiharakishe? Kwa sababu upinzani wa maji hukua kwa mraba wa kasi. Ukitaka kushuka mara mbili ya kasi unahitaji uzito wa ziada mara nne, na mwishoni unapaswa kuusimamisha mwendo huo wote kabla ya kugonga tope.

James Cameron, mtengenezaji wa filamu, alilitatua tatizo hilo la mwendo kwa umbo. Chombo chake, Deepsea Challenger, kilisimama wima, kirefu na chembamba, kikikata maji kwa ncha. Machi 26, 2012, akiwa peke yake, alifika mita 10,908 kwa zaidi kidogo ya saa mbili na nusu, nusu ya muda wa Trieste, kwa uzito wa vyuma wa karibu kilo 500. Alirudi kwa dakika 70 hivi. Chombo chenyewe kilifupika kwa sentimita kadhaa kwa kubanwa. Tangu hapo Victor Vescovo wa Marekani ameteremka mwaka 2019 kwa chombo cha tufe la titani lenye ukuta wa milimita 90, ambacho kimerudi huko mara kadhaa, na Fendouzhe ya China ilipeleka watu watatu hadi mita 10,909 Novemba 10, 2020. Tofauti kati yao ni nyingi, lakini wote wamepanda kwa njia moja: kwa kuacha chuma kwenye sakafu ya bahari.

Kwa kuwa kuachia uzito ndiko kunakookoa watu, hakuna mbunifu mwenye akili anayeridhika na njia moja ya kuuachia. Huwa kuna swichi ya rubani. Huwa kuna sumaku au kishikizo kinachoachia umeme ukikatika. Vyombo vingi vinaweza kutupa betri zake, ambazo ni nzito, na hata mikono yake ya chuma ikinasa mahali. Alvin ilibuniwa ili katika shida ya mwisho tufe la watu lijitenge na mwili wote wa chombo na kupanda peke yake. Cameron alikuwa na waya uliotengenezwa uliwe na maji ya chumvi: baada ya saa 11 hadi 13 ungekatika wenyewe na kuangusha vyuma, hata kama mtu aliyemo ndani amepoteza fahamu. Waya ule unaheshimu jambo moja ambalo mitambo mingi husahau, kwamba binadamu naye ni kiungo kinachoweza kuharibika.

Ila wepesi una mipaka, na ajali zinaionyesha vizuri kuliko michoro. Juni 1973, karibu na Key West huko Florida, Johnson Sea Link ilinasa kwenye mabaki ya manowari iliyozamishwa kwa makusudi. Watu wawili kati ya wanne walikufa kwa hewa chafu kabla ya kunasuliwa. Agosti 2005, chombo cha Urusi AS-28 kilifungwa na nyavu karibu na Kamchatka, kwenye mita 190 tu, mabaharia saba wakiwa ndani, mpaka roboti ya Waingereza ilipofika kuzikata. Chombo kinachopanda kwa nguvu ya kilo mia chache kinaweza kuzuiwa na kamba ya kilo mia chache. Hilo halina dawa kamili, na ndiyo sababu marubani wa vilindini wanaogopa nyavu zilizotelekezwa kuliko wanavyoogopa kina.

Titan ni habari ya namna nyingine, na ilisomwa vibaya. Juni 18, 2023, chombo hicho kilichokuwa kinawapeleka watu watano kwenye mabaki ya Titanic, kilituma ujumbe mfupi kwa meli yake kikiwa kimepita kina cha mita 3,300: kimeangusha vyuma viwili. Sekunde chache baadaye kikapotea. Wakati mawasiliano yale yalipotolewa hadharani, watu wengi waliyasoma kama kilio, kwamba waliomo walijua wanakufa wakajaribu kukimbia juu. Mtandaoni ilizagaa hata nakala ndefu ya mazungumzo ya hofu, ambayo wachunguzi wa Marekani walisema ni ya kutungwa. Anayejua ratiba ya kushuka anausoma ujumbe ule kwa utulivu zaidi. Sakafu ilikuwa imebaki mita mia chache. Kuangusha vyuma viwili hapo ni kupunguza mwendo, kitu ambacho kila rubani hufanya. Ujumbe wenyewe hauonyeshi kwamba walijua lolote.

Kampuni iliyomiliki Titan ilijivunia kwamba chombo kilikuwa na njia kadhaa za kurudi juu, mojawapo viungo vinavyoyeyuka majini baada ya saa kadhaa. Kuhusu hilo haikusema uongo. Lakini njia zote za kupanda zinadhani kwamba bado kuna chombo cha kupandisha. Mwili wa Titan ulikuwa wa nyuzi za kaboni, umbo la pipa badala ya tufe, na haukuwa umeidhinishwa na wakaguzi huru. Ulipovunjika, farumi haikuwa na la kusema. Nadhani hapa ndipo mjadala ulipopotoshwa: wingi wa njia za kupanda ukatumika kuwatuliza abiria kuhusu jambo ambalo njia hizo hazilihusu hata kidogo.

Kuna swali ambalo msomaji makini atakuwa ameshaliuliza. Kwa nini tuache chuma kwenye sakafu ya bahari kila siku? Kwa nini chombo kisibadilishe ujazo wake kikapanda na kila kitu chake? Inawezekana, na inafanyika. Kuna maboya ya kisayansi ya mradi wa Argo, karibu 4,000 duniani kote na mengi kwenye Bahari ya Hindi, yanayoshuka hadi mita 2,000 na kupanda kila siku 10 bila kutupa kitu. Kila moja lina pampu inayosukuma mafuta kutoka ndani kwenda kwenye kifuko cha nje. Kifuko kikivimba, boya linapisha maji mengi zaidi bila kuongeza uzito, na linapanda. Mafuta yakirudishwa ndani, linashuka. Betri yake inahimili miaka.

Ila boya la Argo lina uzito wa mtoto tu. Chukua sasa chombo cha watu kinachohitaji kilo 500 za kuinuliwa kutoka kwenye shimo la Challenger. Kingepaswa kusukuma lita 500 kwenda nje dhidi ya atmosfia 1,100, na kwa pampu kamilifu isiyopoteza chochote kazi hiyo inakula uniti 15 za umeme. Pampu kamilifu haipo, kwa hiyo hesabu uniti 20 au zaidi, kutoka kwenye betri ambazo tayari zinawasha taa, mota na mashine za kusafisha hewa ya kupumua. Halafu fikiria pampu hiyo inagoma ukiwa chini. Kilo 500 za chuma, kwa upande mwingine, zinaachiwa kwa kuzima swichi. Kwa hiyo chuma kitaendelea kuachwa. Kinaota kutu polepole mahali ambapo hakuna anayekiona, na mimi sioni kwamba ni usafi wa kujivunia, lakini nikiwa nimeketi ndani ya lile tufe ningechagua hivyo hivyo.

Kitu kinachoshangaza katika historia yote hii ni mahali ambapo vyombo vimeharibikia. Mwaka 1948 FNRS-2, chombo cha kwanza cha Auguste Piccard, kilijaribiwa upande wa Dakar na visiwa vya Cape Verde, kikashuka bila watu hadi mita 1,380 na kurudi salama. Mawimbi ya juu ndiyo yaliyolipondaponda tangi lake jembamba. Oktoba 1968 nyaya zilizokuwa zinaishusha Alvin kutoka kwenye meli yake zilikatika, mlango ukiwa bado wazi. Watu watatu waliruka nje, na chombo, pamoja na povu lake lote, kikazama mita 1,500 kwa sababu tufe lilikuwa limejaa maji. Kikakaa huko karibu mwaka mzima. Kilipoopolewa, chakula cha mchana cha mabaharia kilikutwa kimelowa lakini hakijaoza. Chombo kilichotoka chini kinaelea kikiwa kimezama karibu chote, hivyo huko juu, hatimaye, hewa hupata kazi: hupulizwa kwenye matangi madogo ili mlango uinuke juu ya maji. Na hapo ndipo kinapokuwa hakina kinga dhidi ya wimbi, kamba na ubavu wa meli.

Agosti 29, 1973, Pisces III ilikuwa imemaliza zamu ya kufukia waya wa simu kwenye sakafu ya Atlantiki, kusini magharibi mwa Ireland. Roger Mallinson na Roger Chapman walikuwa wameshaibuka na wanangoja kuvutwa melini. Kamba ya kuwavuta ikanasa kwenye mfuniko wa tufe dogo la nyuma, lenye mitambo, ikaung'oa. Maji ya zaidi ya tani moja yakaingia mara moja. Wakiwa wanazama waliachia uzito wao wa risasi, ambao haukuweza kushindana na tani ya maji, wakagonga sakafu kwenye mita 480. Walikaa huko zaidi ya siku tatu, wakijizuia kusema ili kuokoa hewa. Septemba 1 waokoaji walifanikiwa kuchomeka ndoano zenye kamba ndani ya lile tufe lililojaa maji, na meli ikawavuta juu wakiwa na oksijeni ya dakika 12.